Kitambaa cha Mama Chini ya Laptop

Admin, jina langu liweke kapuni. Mume wangu naye anafuata ukurasa huu, na akijitambua, basi ajitambue tu, nimechoka.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Tabora mjini na mume wangu, bado hatujajaliwa mtoto. Kwetu ni Urambo, nimekulia kwenye tumbaku. Mume wangu anahariri video za harusi za watu, na akimaliza anacheza magemu, vyote kwenye laptop moja kubwa kama sinia la pilau. Ikipata moto utadhani bani letu la kukaushia tumbaku. Ikawa inajizima katikati ya kazi, naye ananuna hadi chakula anasusa.

Siku moja akaniita tuchague stendi ya kuipoozea, zile zenye feni. Jamani, nilifurahi! Ni mara chache ananiuliza kitu. Tukakaa kwenye kochi tukawa tunapitia picha kwenye simu. Nikamwambia, "Chukua hii pana. Haina mbwembwe, lakini laptop yako itakaa yote na hewa itapita." Yeye macho yote kwenye moja ndogo yenye taa za rangi rangi. Akacheka, "Wewe mtoto wa tumbaku unajua nini kuhusu laptop?" Na mimi nikacheka. Lakini kwamba joto linahitaji pa kutokea, kwetu hata hufundishwi, unakua unaliona.

Akaagiza ile ya taa. Ilipofika kutoka Dar, laptop ikawa inaning'inia pande zote na kuteleza kila akibonyeza. Nikaendelea na mapishi yangu, sikutaka kuonekana mjuaji.

Sasa niwaeleze kuhusu kitambaa. Kwetu binti akiolewa, mama anamfumia vitambaa vya sebuleni, vya makochi, vya meza, hadi cha televisheni. Mama yangu alinifumia vyangu akiwa mgonjwa. Baba ndiye aliyekuwa anamshikia uzi pale kitandani, maana mikono ya mama ilikuwa imeishiwa nguvu. Cha mwisho, cha meza, hakukimaliza. Ukingo mmoja ulibaki wazi, na nilikataa mtu yeyote kukimalizia. Baba akija kututembelea hukaa karibu na ile meza, anapitisha kidole pale mama alipoishia, halafu ndiyo anaomba maji ya kunywa.

Juzi nimerudi kutoka sokoni, nakuta meza iko tupu. Nikamuuliza mume wangu, akanijibu bila hata kugeuka, "Nimekikata vipande nikaweka kwenye stendi, laptop isiteleze. Si vipo vingi humu ndani?"

Nikainua ile laptop. Kitambaa cha kufuma ukikipiga mkasi kinafumuka. Vile vipande vilishakuwa nyuzi tu, nyingine zimejisokota kwenye feni. Nilikaa sakafuni nikalia kama siku tuliyomzika mama.

Mnajua alisema nini? "Basi nitakununulia kingine sokoni." Nikamuuliza kama anajua kile kilikuwa cha nani. Akasema, "Nilijua ni cha mama, lakini nilikuwa na kazi ya watu." Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Angekuwa hajui, ningemsamehe siku ileile.

Nimesema narudi kwetu, na mama mkwe amenipigia simu: "Mwanangu, utaachaje ndoa kwa sababu ya kitambaa? Watu watakucheka." Mume wangu naye anataka nifume kingine kama kile, niache ukingo wazi vilevile, eti mzee hatajua. Uzi wa rangi ile nimeupata, na nimeanza. Lakini mkono wangu unakaza uzi, wa mama ulikuwa umelegea kwa ugonjwa. Baba alikuwa anashika ule uzi. Akigusa tu atajua.

Jumapili baba anashuka na treni. Stendi iko palepale mume wangu anapofanyia kazi, taa zake zinawaka. Nimwekee baba kitambaa cha uongo apitishe kidole? Au nimwambie ukweli, halafu nifunge mabegi yangu turudi wote Urambo? Nishaurini jamani.