Mama Abedi na Wali wa Kutupwa

Mama mkwe wangu alizaliwa mwaka wa vita, Wazungu na Waarabu walipokuwa wakigombania Kasongo, ndiyo maana wakamwita Mwavita. Lakini mtaani hakuna anayelitumia jina hilo. Yeye ni Mama Abedi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye kwa bahati yangu ndiye mume wangu. Mimi ni Feza. Niliingia nyumbani kwake mwaka 1951, na kabla sijamzoea mume nilikuwa nimekwisha kuizoea sufuria.

Naiita sufuria kwa adabu tu. Ilikuwa ya shaba, ya kuinuliwa na watu wawili, na ndani yake ungeweza kumwogesha mtoto wa miaka mitatu. Nyumbani tulikuwa watu sita: baba mkwe wangu Mzee Sumaili, Mama Abedi, mume wangu, mimi, na mawifi zangu wawili. Tulipika wali wa watu kumi na watano, kila siku ya Mungu.

Sababu ilikuwa mgeni. Zamani, Mzee Sumaili alipokuwa akichuuza tumbaku na samaki wakavu, wasafiri wa miguu kutoka Kabambare na Wamaza walilala barazani kwake, na Mama Abedi alikuwa amefunzwa na mamaye kwamba fungu la mgeni hupikwa kabla mgeni hajafika. Tena hupakuliwa juu ya sinia mpaka liwe kilima. Mgeni akiliona sinia lenyewe kabla hajashiba, aibu ni ya mwenye nyumba. Ni heshima, na mimi siicheki heshima. Ila malori yalikuwa yamekwisha kuja. Msafiri alipita Kasongo amekaa juu ya magunia, akatupungia mkono, akaenda zake, na barazani petu hakulala tena mtu ila paka. Habari hizo zilimfikia kila mmoja isipokuwa sufuria.

Wali uliobaki jioni ulikuwa kiporo cha asubuhi. Kiporo kilichobaki kilikuwa cha kuku. Walichoacha kuku kilimwagwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na migomba ikazaa mikungu ya kutisha. Watu walimsifu Mzee Sumaili kwa ukulima wake, naye alizipokea sifa.

Na nani aliyeutwanga mpunga huo wote? Mimi na mawifi zangu, kila alfajiri, kabla jua halijatoka. Nilijua kwa mabega yangu ni kiasi gani kinachokwenda migombani. Lakini mkamwana mgeni hana mdomo. Nilinyamaza miaka miwili, na nilinyamaza kwa hasira.

Mwaka 1953 mvua ilikatika mpunga ukiwa katika kuchanua. Tulivuna kidogo. Sehemu ya kuuza ikaenda kuuzwa kama serikali ilivyotaka, iliyobaki ikaingia ghalani, na juu ya dari kikapandishwa kilindo, lile kasha la gome la mti ambalo Mama Abedi alilirithi kwa mamaye. Ndani ya kilindo mlikuwa na mbegu. Haikuwa mbegu ya kugawiwa na watu wa kilimo, ile nene isiyo na harufu. Ilikuwa mpunga mwembamba wa mamaye, ambao ukianza kuchemka jirani wa nyumba ya tatu anauliza leo kuna nini. Kasongo nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki nao. Ulipandwa kila mwaka, ukavunwa, wa ziada ukaliwa, na mbegu ikarudi kilindoni. Mbegu hiyo ikiliwa mara moja, umekwisha duniani.

Mzee Sumaili aliingia ghalani, akapima kwa macho, akatoka. Alisema kwa upole kwamba kwa mwendo huu mpunga utafika mwezi wa sita, na kupanda ni mwezi wa kumi. Hapo katikati tutakula kilindo. Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho ni Ijumaa, akaenda kuswali.

Mama Abedi kwanza aliilaumu mvua. Kisha akawalaumu panya. Kisha, bila kunitazama, akawalaumu wasichana wa siku hizi wanaotwanga huku wakizungumza mpaka mchele unarukia nje ya kinu.

Siku chache baadaye alikwenda mwenyewe kumwaga kiporo, kwa kuwa mimi nilikuwa na homa. Nilikuwa nimelala karibu na dirisha la nyuma, nikamwona. Aliwaita kuku. Jogoo akaja, akaukanyaga wali kwa miguu yote miwili, akaupita, akaanza kuchakura majani kutafuta wadudu. Mama Abedi alisimama pale na beseni lake tupu, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani naye ameshikwa na homa.

Mchana, tulipokaa kula, alisema bila kuinua sauti:

"Panya hawana kosa. Mvua nayo, Mungu anajua yake. Ule mupunga ni miye niliutupa, na mukono wangu huu. Hakuna mutu mwingine."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo miaka miwili, na yalipokuja nilimwonea huruma.

Halafu akajihukumu. Kila siku chakula kitakapotupwa, kesho yake atatwanga yeye, peke yake, mpunga wa nyumba nzima. Tena si alfajiri uani kama watu, bali saa tatu asubuhi, kinu kikiwa mbele ya nyumba, kando ya njia ya sokoni. Mzee Sumaili alimuuliza kwa kicheko nani atakuwa hakimu. Akajibu kwamba hakimu ni yeye, na shahidi ni jogoo.

Hapo alikosea jambo moja, na kosa lenyewe liliniangukia mimi. Mwanamke wa miaka sitini, mwenye wakamwana na mabinti, hatwangi. Akitwanga hadharani, mji mzima unajua kwamba aliyeolewa mle ndani ni mvivu. Siku ya kwanza wanawake watatu wa sokoni walisimama, wakamwangalia yeye, wakaniangalia mimi mlangoni, wakatikisa vichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Usiku nilimwambia Abedi kwamba nitarudi kwetu, na Abedi, ambaye hupenda amani kuliko haki, aliniambia nilale.

Lakini Mama Abedi alikuwa ameviona vile vichwa. Kesho yake alianza kutangaza. Kila alipopita mtu, mchi ulisimama hewani, naye akasema kwa sauti ya mwadhini: "Feza hana kosa. Ni miye nilitupa wali jana." Alimwambia muuza mafuta. Aliwaambia watawa wawili waliokuwa wakipita kwenda misheni, ambao hawakuwa wamemuuliza kitu. Wiki ile ya kwanza alitwanga siku tano katika saba, viganja vikatoka malengelenge, na mimi nikawa mkamwana mwenye sifa njema kuliko wote Kasongo.

Msidhani alikuwa malaika. Wiki ya pili alianza kukwepa. Masalio yote aliyapeleka kwa jirani yetu Véronique, mke wa Placide fundi seremala, Mkristo mpole anayefuga mabata. Alisema hiyo ni sadaka, na sadaka si kutupa. Baada ya siku chache Véronique alikuja, akakaa, akauliza habari za kila mmoja wetu, akasifu migomba, na mwisho kabisa akasema kwamba mabata yake hayataki tena kwenda mtoni. Yanakaa tu kwenye ua yakituangalia sisi, na moja limeshindwa kutembea. Mama Abedi alishukuru kwa taarifa. Asubuhi iliyofuata alitwanga mpunga wa siku tatu, bila kusukumwa na mtu, mpaka adhuhuri.

Ikafuata njia nyingine, ya kutulisha sisi. Kiporo kilikaangwa kwa mawese na pilipili asubuhi, kikarudi mchana kimechanganywa na sombe, yale majani ya muhogo, kikarudi jioni kimevaa maharagwe. Siku ya nne Mzee Sumaili alikumbuka kwamba ana ndugu mgonjwa huko Lusangi, akapanda baiskeli. Alirudi baada ya siku mbili, ndugu amepona.

Mwishowe ilibaki njia moja tu, ile aliyokuwa akiikimbia tangu mwanzo: kupika kidogo. Alichukua kopo tupu la maziwa, akalipa kazi ya kupimia. Akaomba sufuria yangu ndogo, niliyokuja nayo siku ya harusi. Akapima makopo matatu ya mchele kwa watu sita, akayamimina, akachungulia ndani, na machozi yakamtoka. Alisema ni kama chakula cha watoto wanaocheza. Alisema mamaye akimwona atageuza uso. Mimi nikapuliza moto.

Tulikula, tukashiba. Sinia lilionekana mpaka ua lililochorwa katikati, ambalo mimi sikuwa nimeliona tangu niolewe. Wifi yangu mdogo alisema kumbe ni zuri.

Basi kinu kilianza kupumzika mbele ya nyumba. Alitwanga mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa wiki mbili. Mwezi wa sita ukafika na ghala bado lina mpunga. Wa saba pia. Mzee Sumaili alianza kuingia ghalani mara kwa mara kwa furaha tu, kama mtu anayekwenda kumtazama mbuzi aliyezaa. Kilindo kilikaa darini, kamba yake haijaguswa.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatano, tukiwa tumekwisha kula mchana na sufuria imeoshwa, lori lililotoka Kabambare lilivunjika ekseli karibu na soko. Watu wa juu ya magunia walishuka. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wa Wamaza, jamaa za rafiki wa zamani wa Mzee Sumaili, na mmoja wao alikumbuka nyumba ya Mama Abedi, ile ya wali kama kilima. Wakaja wote, na vumbi lao, na salamu zao nzuri, wakajaa baraza.

Wageni wa miaka yote ile, aliowapikia bila kuwaona, walikuwa wamefika siku moja. Na jikoni palikuwa na makopo manne ya mchele, matatu ya jioni na moja la ziada. Ghalani mpunga ulibaki wa wiki chache, haujatwangwa, na kuutwanga wa watu kumi na mmoja ni kazi ya nusu siku.

Mimi ndiye niliyepanda darini. Nasema wazi, hakunituma mtu. Mbegu ya kilindoni ni kavu sana, hutwangika upesi, na nilikuwa nimeona uso wa mama mkwe wangu alipowahesabu wageni. Sikutaka aaibike. Nilikuwa nimekwisha kufungua fundo la kwanza nilipousikia mkono wake juu ya mkono wangu.

"Funga," akasema.

"Mama, wageni iko kumi na moya."

"Nimewaona. Funga, mwanangu."

Nilifunga. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akatoka barazani, nami nikamfuata hadi mlangoni. Mzee Sumaili alipomwona anasimama katikati ya wanaume bila sinia mkononi, alianza kukohoa.

"Wageni wangu, karibuni sana," alisema. "Muchele iko ya makopo ine, nitaipika yote. Bugali iko, sombe iko. Kilima hakuna. Kilima nilikitupa miaka yote, leo munanikuta bila."

Kisha mama mmoja mzee wa Wamaza, aliyekuwa ameegemea nguzo na kuvua viatu, alianza kucheka taratibu. Alimwambia Mama Abedi akae. Alisema zamani, walipokuwa wakija kwa miguu, walikula hapa mpaka wakaumwa na matumbo, maana nani angethubutu kuacha kilima cha mwenye nyumba? Mumewe marehemu aliwahi kulala njiani kabla ya Kabambare, ameshika tumbo, akimwomba Mungu nyumba ya Sumaili isimwone tena kwa mwaka mzima. Leo, alisema, watalala vizuri. Wakacheka wote, na Mzee Sumaili akacheka kuliko wote, akipangusa macho. Wageni wakaenda kwenye lori wakarudi na karanga na samaki wakavu wa kwao, nasi tukasonga bugali, tukala pamoja mpaka masinia yakawa meupe. Mama Abedi alikula kidogo sana. Alikuwa akiwaangalia watu mmoja mmoja, kama haamini.

Mbegu ilipandwa mwezi wa kumi. Mvua ikawa njema. Tulipovuna, alijaza kilindo upya, akakifunga, akaniita, akaniwekea mapajani. Wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza.

"Sasa ni yako," akaniambia. "Siku utaikula, usinitumie mutu. Utakuja kuniambia weye mwenyewe."

Miaka mitano nilikitunza vizuri. Mwaka jana mwanangu Kasimu aliugua surua. Siku kumi hakutaka kitu, si uji, si ndizi, nikaanza kuihesabu mifupa yake. Siku ya kumi na moja alifungua macho, akasema anataka wali wa bibi, ule unaonukia. Ilikuwa mwezi wa tisa, na wa aina hiyo haukuwepo ila kilindoni. Sikufikiri hata kidogo. Nilifungua, nikatwanga, nikapika makopo mawili, naye akala leo na kesho na keshokutwa, akaketi, akaomba mpira wake.

Ndipo nikakumbuka. Mama Abedi sasa anakaa kwa binti yake, upande wa pili wa soko, na miguu yake haimfai sana. Nilikwenda kwa mguu, na njia ile fupi ilinishinda kwa urefu. Nilimkuta mlangoni anachambua maharagwe. Nilipiga magoti, nikamwambia nimekula mbegu, makopo mawili, nikamwambia na sababu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Mulitupa kiasi gani?" akauliza.

"Hata punje moya, mama."

Akaendelea kuchambua.

"Basi mulete mutoto nimuone," akasema.