Siku Chai Ilipokatika Hotelini

Mwezi uliopita, katika kiwanda changu kidogo cha maziwa, tulimwaga tangi zima la mtindi. Usinionee huruma, rafiki. Nakueleza kwa sababu ya kilichofuata. Mama anayesimamia mashine alikuja mlangoni, akasema, "Ni mimi. Nilisahau kuwasha kipoza." Nami, pamoja na hasara yote ile, nikashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Ikabidi nimsimulie habari ya nyanya yangu, na wewe nitakusimulia vilevile.

Nyanya, niliyemwita Akko kama Waborana wamwitavyo bibi, aliuza maziwa ya ngamia hapa hapa Isiolo. Kila kulipopambazuka, punda waliobeba maziwa waliingia mtaani kwetu kutoka malishoni upande wa Leparua. Ulisikia kwato zao juu ya changarawe, kisha wanawake wakiitana, kisha maji ya chai yakichemka. Tulikula anjera ya moto tukiwa tumesimama, maana kazi haikungoja. Kila mwanamke alikuwa na gorfa yake nyumbani kwetu, kile chombo kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi kisivuje hata tone. Akko hakuchanganya maziwa ya watu wawili. "Maziwa yana mwenyewe," alikuwa akisema.

Kazi yangu ilikuwa kufukiza. Unaosha gorfa, unaikausha, unatia ndani kijiti cha mzeituni mwitu kinachowaka, unafunika, unatikisa, kisha unapangusa majivu. Unarudia mpaka moshi ushike kila upande. Moshi ule ndio uliozuia maziwa yasichache, na ndio uliowafanya wateja waseme, "Haya ni ya yule mama." Hata sare yangu ya shule ilinuka hivyo. Darasani hakuna aliyehitaji kuuliza mimi ni wa nyumba gani.

Asubuhi moja niliamka nikakuta makaa yamezimika. Desturi ilikuwa kwenda kwa majirani kuomba moto. Lakini siku hiyo ilikuwa zamu yangu kupiga kengele ya shule, yaani kipande cha rimu ya lori kilichoning'inizwa kwa waya, na zamu hiyo nilikuwa nimeingojea muhula mzima. Gorfa nyingine nilikuwa nimezifukiza usiku; moja ilikuwa bado. Niliiosha, nikaifunika, nikakimbia. Humo yakamiminwa maziwa ya jirani yetu, mjane aliyekuwa na ngamia mmoja tu wa kukama.

Jioni mzee mwenye hoteli ya mtaani alikuja amebeba sufuria. Ndiye aliyekuwa akichukua karibu maziwa yetu yote. Alisalimia kwanza, salaam aleikum, akangoja aitikiwe, ndipo akaanza kutukana.

"Mama, hii ni chai ama ni uji wa mawe? Wateja wananiuliza wanywe ama watafune!"

Chai ilikuwa imekatika vipande vipande. Akko alinusa, hakubisha.

"Nataka sababu kesho asubuhi," akasema yule mzee. "Kama huna, mimi nachukua ya ng'ombe kutoka Meru, na tusijuane."

Mzee alipoondoka, Akko aliuliza yametoka gorfa gani. Ilikuwa ya jirani. Akasema polepole kwamba bila shaka kiwele cha yule ngamia kina ugonjwa. Itabidi tusipokee tena maziwa yake. Alijitanda shuka lake, akavaa viatu aende kumwambia. Nilimtazama akifika mlangoni. Nilijua jirani hakuwa na mahali pengine pa kuuza, na nilijua watoto wake wanakula nini.

"Akko, si ngamia," nikasema. "Ni mimi. Sikuifukiza."

Akageuka. "Haikuona moshi kabisa?"

"Kabisa."

"Uliosha tu na maji?"

"Na maji tu."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake nikasikia, "Alhamdulillahi!" Akko alikuwa akicheka, ameshika mwimo wa mlango asianguke. "Nilikuwa nakwenda kuvunja nyumba ya mtu! Kumbe ni mkono. Mkono unafundishika, mwanangu. Kiwele hakifundishiki." Kisha akakumbuka kukasirika. "Na usifikiri umepona. Kuanzia kesho unaamka kabla ya punda."

Kesho yake alimweleza mwenye hoteli mbele ya wateja: chombo hakikufukizwa, kosa ni la mikono ya nyumbani kwetu. Hakusema mkono wa nani, ingawa nilikuwa kando yake na macho yangu yako kwenye vidole vya miguu.

"Afadhali wewe una jibu," mzee akasema. "Muuza nyama wangu, kila kosa lake anasema ni shetani. Haya, lete maziwa. Lakini kikombe cha kwanza utakunywa wewe, hapa, nikikuona."

Akakinywa. Hata baada ya miezi, mzee alipokuwa amekwisha sahau, Akko aliendelea kunywa kikombe cha kwanza pale, bure, akipiga soga. Na jirani aliendelea kuleta maziwa yake bila kujua alivyonusurika.

Baadaye nilisoma vitabu vya biashara, vingi, peke yangu, kwa kalamu mkononi. Sijaona kilichonionyesha wazi kuliko kicheko kile kwamba hasara ikishajulikana chanzo chake imekwisha nusu.

Akko ametangulia mbele ya haki, na pale palipokuwa hoteli sasa wanauza simu. Kuna kingine kilichokwenda nao, nami nakihisi kila mwezi. Siku hizi ukimharibia mteja, hakwambii. Hapokei simu tu, na wiki ijayo unaona gari la maziwa la mtu mwingine mlangoni kwake. Unabaki ukikagua vyombo, watu na mifugo, hujui ulikosea wapi. Ningefurahi sana, rafiki yangu, mtu mmoja tu anitembelee jioni na sufuria mkononi, anisalimie, kisha anitukane vizuri.