Ukuta wa Marudio

Siupendi ule mto na sijifanyi kuupenda. Unashuka kutoka kwenye mialo ya Rwamgasa ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na kila mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu anamwaga humo maji yake ya zebaki, halafu anasema mto hauna mwenyewe. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa mmoja wao, na kwa kiburi aliwapita wote.

Mchanga ukishatolewa dhahabu, wachimbaji huuita marudio, kwa sababu ipo siku watarudi kuuosha tena. Shemeji hakungoja siku hiyo. Alibeba marudio ya ukingoni akasiriba nyumba nzima, ndani na nje. Ni laini, hayapasuki, na alijisifu kwa wageni kwamba anaishi ndani ya dhahabu. Mjinga yule. Dhahabu ilikuwa imeshauzwa Geita mjini. Kilichobaki ukutani ni zebaki.

Mdogo wangu aliposhika mimba, hamu ya udongo ikamvamia kama inavyowavamia wanawake wengi huku kwetu. Sokoni udongo upo, tena mzuri. Hakuutaka. Nilipokwenda kumtazama nikakuta ukuta chini ya dirisha umechimbika, na kucha zake zimejaa kijivu.

"Mkeo anakula ukuta," nikamwambia shemeji.

"Shemeji, mama zetu wote walikula udongo. Sisi si tumezaliwa?"

"Mama zetu walikula kichuguu. Huu una zebaki yako, na anayelishwa ni mwanao."

"Mimi naishika kwa mikono kila siku. Nimekufa?"

Mikono yenyewe ilikuwa inatetemeka hadi kikombe kinagonga kisahani. Nilimchukia, nasema wazi, na hadi leo namchukia.

Alipokwenda mwaloni nikachukua jembe. Nilibandua ukuta wa ndani bonge kwa bonge, nikimtukana yeye na mto wake na wanunuzi wake, jasho linanitoka, nikijiona nimeshamwokoa mtoto. Nyuma yangu nilimsikia mdogo wangu akihema. Nilidhani analia.

Nikageuka. Alikuwa amepiga magoti, anaokota mabonge na kuyatia kwenye kanga.

"Asante, dada," akasema, mdomo umejaa. "Kucha zilikuwa zinaniuma."