Umetumwa na Nani?

Juzi nilikuwa kwa benchi ya zahanati moja hapa Kaloleni na kikohozi changu, ndio msichana mmoja akakuja kwa kaunta. Miaka kama kumi na saba, shule amemaliza juzi tu.

"Madam, nataka kujitolea hapa. Nataka kusomea uuguzi, na saa hii nakaa tu kwa nyumba."

Madam wa kaunta hakuinua kichwa. "Umetumwa na nani?"

"Nimejituma."

Benchi yote ikacheka. Madam akavua miwani. "Barua ya chifu iko wapi?"

"Ya kusema nini?"

"Ya kusema unajitolea."

"Si ndio nasema hivi?"

"Umewahi kujitolea mahali?"

"Bado."

"Hatuchukui wenye hawajawahi."

Msichana akageuka aende. Mlangoni akapata shosho mmoja, bibi mzee, anageuzageuza karatasi yake. Akamsomea. "Shosho, wewe ni chumba namba tatu, si hii laini." Akamshika mkono, akampeleka. Kurudi, mama mwingine akamnyooshea karatasi. Halafu mwingine. Laini ikaanza kusonga, kitu sijawahi ona hapo.

Saa sita Madam akamwita, akafungua kitabu. "Umewahi kujitolea wapi?"

"Hapa."

"Lini?"

"Leo."

Akaandika. "Kesho saa mbili. Usichelewe."

Mabeshte, marafiki zangu, huniuliza hizi nafasi za kujitolea hupatikana wapi. Siku hiyo zilikuwa zimejaa hapo kwa benchi, kila mtu na karatasi yake. Mimi pia najua kusoma. Lakini nilikaa tu nikikohoa, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amenituma.