Kauri za Mshipi wa Mama Mkwe

Ile siku nilipoambiwa nionyeshe vidole vyangu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu.

Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja, mimi na Akiru, kule Kataboi kabla sijahamia hapa Lodwar. Mama mkwe alikuwa na mshipi wa ngozi wa marehemu mama yake, umeshonewa kauri, zile simbi ndogo nyeupe za bahari. Bahari yenyewe sijaiona mpaka leo. Ziwa letu lanitosha na upepo wake. Basi uzi ulipokatika, mama akasema, "Atakayeushona ndiye nitakayemwachia." Akampa Akiru. Mimi hata hakuniangalia.

Ee, wivu! Ulinikaa hapa kooni kama mwiba wa samaki. Akiru alizijua kauri kama wewe unavyojua mbuzi wako. Ziko aina mbili, zinafanana mno. Moja ina pete ya manjano mgongoni, nyingine haina. Elimu yangu iliishia hapo. Za mshipi ule zote zilikuwa za pete. Lakini kauri ya kushonwa hukatwa mgongo ili uzi upite, na pete huenda na mgongo. Nikajiambia, sasa Akiru atazijuaje?

Nikachukua kauri zangu za dukani, zisizo na pete, nikazisugua migongo kwenye jiwe, nikazimwaga ndani ya kibuyu chake, alimoweka zile za mshipi.

Alipokaa kushona hata hakuangalia. Akawa anaziviringisha vidoleni huku anatupigia hadithi za samaki. Ghafla akaacha hadithi, akainua moja.

"Mama, hizi nyingine si zako. Zina vinundu ubavuni. Zako ni laini."

Mama mkwe hakuuliza ni nani. "Nyinyi wawili, leteni vidole."

Vya Akiru safi. Vyangu, mwanangu, unga mweupe umejaa kwenye kucha.

"Kumbe kusugua unajua," mama mkwe akaniambia. "Na mwenzako unaye hapa kila siku. Ulishindwa nini kumwambia, nifundishe?"

Akiru akacheka. "Mwache, mama, amenipunguzia kazi. Hizi nitamshonea mtoto." Kicheko kile kiliniuma kuliko kofi.

Mshipi ukawa wake. Sasa yuko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa binti yake, na Wakongo na Wasomali wanampelekea kauri awachambulie. Nikisikia anasifiwa, bado nanuna. Sikudanganyi.

Juzi nimekusikia ukimsema yule msichana mnayeuza naye shanga sokoni, ati ana bahati tu. Usimharibie kazi yake. Kaa karibu naye, muulize anafanyaje, hata kama moyo unachemka. Uuache uchemke, mikono ijifunze. Mimi miaka yote na Akiru nilijifunza vile vinundu tu, tena kwa aibu.

Haya, nenda. Akuj, Mungu wetu, akupe vidole vya Akiru, na siku utakayoambiwa uvionyeshe, kucha zako ziwe safi.