Nilipomwambia Mama ni Mvuke

Sitaomba radhi kwa kuvuta. Naanza na hilo ili anayetafuta toba atafute kwa mwingine.

Nilianza sigara mwaka ambao Babati ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na mji ulikuwa umejaa wapima ardhi wenye vigingi na makarani waliohamishwa kutoka Arusha, karibu kila mmoja na pakiti kwenye mfuko wa shati. Mimi nilinunua moja moja pale stendi, nikaegemea ukuta, nikajiona nami ni mtu wa makao makuu. Vumbi la barabara ile kabla ya lami na ladha ya sigara ya kwanza vimeshikamana kichwani mwangu mpaka leo.

Tangu hapo nimekaa Mererani, Kahama, Dodoma, na Arusha mara mbili. Situlii. Nilikohama niliacha ndoo, niliacha jiko, mahali fulani niliacha hata godoro jipya. Sigara sikuiacha popote.

Miaka michache iliyopita nilirudi Singe, pembeni ya Babati, kwa mama kwa sababu ya kifua chake. Alikuwa na pumu, na juu ya pumu kulikuwa na miaka yote aliyopuliza kuni jikoni. Mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la maharage kutoka shambani sasa alipumzika mara tatu kabla ya kufika bombani. Alinipokea mlangoni, nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijatua begi akasema:

"Humu ndani moshi hauingii. Hata mimi napikia gesi siku hizi. Ukivuta, lala huko huko unakovutia."

Kwa siku nne nilivutia kwenye mahindi, mtu mzima wa karibu miaka arobaini, nimechuchumaa kama mwanafunzi anayemkwepa mwalimu wa zamu. Siku ya tano nilipanda basi kwenda Arusha nikanunua sigara ya umeme. Muuzaji alinishika bega.

"Kaka, hii haiunguzi kitu. Huu ni mvuke, siyo moshi."

Nikaona nimepata njia ya kumshinda mama. Nilirudi, nikakaa kwenye kochi lake sebuleni, nikavuta mbele ya macho yake, makusudi kabisa.

"Nini hicho?"

"Mvuke, mama. Wewe ulikataza moshi. Huu siyo moshi."

Alinusa. Ilikuwa na ladha ya mnanaa.

"Inanukia kama dawa ya kuchua."

"Si unaona?"

Akarudi jikoni kwake, nikahesabu kuwa nimeshinda. Ubishi wangu wa kidato cha nne ulikuwa bado una makali. Ambacho sikukifikiria ni kwamba kwa mama yangu neno mvuke lilikuwa na maana moja. Kwetu, mafua yakikubana, yanachemshwa majani ya mkaratusi na mwarobaini kwenye sufuria kubwa, unafunikwa blanketi, unavuta mvuke mpaka jasho likutoke. Mvuke ni kujifukiza, na kujifukiza ni dawa. Hakuna mvuke mwingine, labda ule wa ugali.

Siku chache baadaye nilitoka kwenda madukani Maisaka kununua sabuni na mafuta ya kula, sigara ya umeme nikaiacha kwenye kochi. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya, halafu nikasikia kikohozi chumbani kwake. Niliingia. Kitandani kulikuwa na blanketi limesimama kama hema, na ndani yake mtu anakohoa bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Nililifunua. Mama alikuwa ameishika sigara yangu ya umeme kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayeshika kikombe cha dawa.

"Mama, umevuta mara ngapi?"

Alinyoosha vidole vitatu. Kusema alishindwa. Kila pumzi ilitoa mluzi.

Niliitia ile sigara mfukoni, nikambeba mpaka barabarani, tukapata bajaji. Zahanati tulipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka mingi, ambaye hakupoteza muda na maswali. Alimvalisha mama kinyago cha plastiki chenye mpira uliounganishwa na mashine. Mashine ikanguruma, na ndani ya kinyago ukaanza kutoka ukungu mweupe. Macho ya mama yakanigeukia. Alipopata pumzi ya kwanza ya kutosha, akakiinua kile kinyago.

"Si huu huu! Mvuke!"

"Bibi, rudisha hapo," daktari akasema. "Hiyo ni dawa ya kutanua njia ya hewa. Kabla ya kuzidiwa ulitumia nini?"

"Nimejifukiza."

"Kwa sufuria?"

Mama akaniangalia. Ningeweza kusema ndiyo, kwa sufuria, na yule daktari angeandika hivyo, na mama angerudi nyumbani na kuendelea kuamini alichoamini. Safari ya pili ya blanketi huenda asingeamka. Niliitoa ile sigara mfukoni nikaiweka mezani.

Daktari aliitazama. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kupigana. Ninawajua watu wa hospitali, na nilijua nitahubiriwa.

"Nilivuta sigara miaka yote hiyo," nikasema. "Usiniambie hii ni sawa na sigara."

"Sisemi ni sawa. Sigara inaungua, na kwenye kuungua ndiko kunakotoka lami na sumu nyingi. Hii haiungui. Mvutaji akihamia huku kabisa, anapunguza madhara. Umehamia kabisa?"

"Karibu."

"Karibu ni ngapi?"

"Moja. Ya asubuhi, na chai."

"Basi hujahama, una nyumba mbili," akasema, na mama akacheka ndani ya kinyago, jambo ambalo lilimrudishia kikohozi. "Na kupunguza siyo kumaliza. Humu mna nikotini, ndiyo inayokurudisha kila saa, na inakimbiza moyo. Hizi ladha zinawasha mapafu. Baada ya miaka mingi zitamfanyaje mtu, hakuna anayejua kwa uhakika. Wewe umetoka kwenye kibaya zaidi. Yeye katokea wapi? Katoka kwenye hewa safi."

Niliichukua ile sigara mezani nikairudisha mfukoni.

Mama alitulia jioni. Tukiwa tunasubiri kuruhusiwa, akaniambia kwa sauti ndogo:

"Nimeshawaambia wenzangu wa jumuiya ya sala."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba mwanangu ameleta mashine ya kujifukiza isiyohitaji sufuria. Wawili wanataka. Mwenyekiti anamtakia mumewe."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye jumuiya, mimi ambaye mara ya mwisho kusali na majirani nilikuwa na suruali fupi. Tulikaa kwenye mabenchi uani kwa mwenyekiti. Baridi ilikuwa kali, mama amejifunga mashuka mawili. Sala ilipokwisha nikasimama.

"Ile mashine siyo dawa," nikasema. "Ni sigara ya umeme. Niliiita mvuke ili nipate kuvutia ndani, na mama akaamini. Mwenye pumu asiiguse. Asiyevuta asiiguse."

"Tulidhani tumeachana na sufuria," mama mmoja akasema, wengine wakacheka.

"Tukuombee, baba?" mwenyekiti akauliza.

"Sikuja kuombewa. Nimekuja kufuta neno nililosema."

Mume wa mwenyekiti, mzee aliyekuwa kwenye kigoda karibu na mlango, akakohoa kidogo. Vidole vyake viwili vilikuwa vya njano.

"Na mimi ninayevuta tangu ujana, unaniambiaje?"

"Kwako wewe, mzee, ni afadhali kuliko sigara, kama utaacha sigara zote. Afadhali kabisa ni kuacha vyote viwili. Nenda zahanati uwaulize, kuna daktari pale hahubiri."

"Na wewe umeziacha zote?"

Benchi zima likageuka. Ningeweza kukasirika, na kwa kweli nilianza kukasirika. Hawa watu hawajawahi kuamka wakiwa wageni kwenye mji ambao hakuna anayewajua, wakiwa na kitu kimoja tu cha kushika mkononi.

"Ilikuwa imebaki moja ya asubuhi," nikasema. "Ya leo sijavuta."

"Na kesho?"

"Ya kesho sitakuahidi wewe wala mtu yeyote hapa."

"Kesho nitamuuliza mimi," mama akasema kutoka kwenye mashuka yake, sentensi nzima, bila kusimama katikati kutafuta pumzi.