Sidii Tisini Kwenye Kichanja cha Kahawa

Wewe unayesoma, sauti ya marehemu wenu mmeiweka wapi? Usiniambie moyoni. Moyo hauna spika.

Baba yangu mdogo, Osea, mkulima wa kahawa wa Igamba, aliiweka kwenye sidii. Mkewe Loisi alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kanisa. Walirekodi mara moja tu, kule Mlowo, na mwaka uliofuata akafariki. Sidii hiyo ilikaa kwenye sanduku na nyingine karibu tisini, za kwaya na za muziki alioletewa na shemeji zake wa Zambia. Aprili hii upepo uling'oa bati, mvua ikajaza sanduku. Karatasi za majina zikabanduka. Sidii zote zikabaki uchi, hujui ipi ya nani.

Nikamwambia tuzisuuze kwa maji safi, tuzisimamishe kivulini.

"Wewe umewahi kuanika nini, msomi?" akaniuliza. "Soksi?"

Akazipanga kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Kila nusu saa akawa anazigeuza moja moja. Saa sita akazifunika kwa magunia, eti jua kali linapasua ganda. Kisha akaanza kuchambua. Yenye doa akaitupa chini.

"Baba mdogo, yenye doa inaweza kuimba!"

"Moja yenye doa inaharibu gunia zima."

Nilipandwa na hasira. Wilaya nzima ina maghala ya mahindi, haina hata kabati moja la sauti za watu wake! Nikayasema hayo kwa nguvu. Akanipa gunia nimshikie.

Jirani yetu Fausta, mama Enoka, akapita. "Baba Tabita, hizo za chini unazitaka?"

"Makapi hayo," akajibu baba mdogo. "Chukua."

Akachukua zote, akaenda kuzifunga kwenye vijiti zitishie ndege kwenye ulezi wake.

Jioni tukazijaribu zilizobaki juu. Ziliimba karibu zote. Loisi hakuwemo. Baba mdogo akakaa juu ya sanduku tupu, akanitazama.

"Nimemchambua mke wangu," akasema.

Asubuhi nikamkuta shambani kwa mama Enoka, redio ya betri kaibana kwapani, anafungua sidii kutoka kwenye vijiti na kuzijaribu moja moja. Kila aliyoifungua, ndege walisogea. Mama Enoka alikuwa anakimbia huku na huku akipunga kanga.

"Baba Tabita, wanamaliza ulezi!"

"Piga kelele polepole, mama Enoka, nasikiliza!"

Ya tisa ilikwaruza, ikakwama, ikakwaruza tena. Halafu mama mdogo Loisi akaanzisha wimbo, na kwaya ikamwitikia. Baba mdogo akaongeza sauti hadi mwisho. Ndege wote wakaruka kwa pamoja.

Mama Enoka akasimama, akihema.

"Usimzime," akasema. "Mwache mwenzangu anisaidie mpaka saa nne."

Baba mdogo akaketi katikati ya ulezi, redio mapajani, akatikisa kichwa kukubali.